Saa ya Kufika na Saa ya Kuandika

Wiki iliyopita Achieng, konstebo anayekalia kiti changu cha zamani kwenye kaunta ya kituo cha polisi, alinipigia simu akiwa kazini. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima, kompyuta ya kuandikia ripoti imezima, na kwenye benchi kulikuwa na watu sita wakisubiri. Aliniuliza kama kuna ubaya akiandika kwenye karatasi, kisha aingize ripoti stima ikirudi. Nilimwambia hakuna ubaya mradi ripoti ionyeshe nyakati zote mbili, wakati mtu alipofika na wakati yeye alipoingiza. Akasema kompyuta inaweka saa yenyewe. Nikamwambia basi ile nyingine aiandike kwa maneno, ndani ya maelezo. Alinishukuru, akakata simu.

Nilibaki nimesimama katikati ya mahindi yangu hapa Kalimoni. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nimesikia mtu akikohoa, benchi ikivutwa sakafuni, mwanamke akisema yeye ndiye aliyetangulia. Nilisahau kabisa nilikuwa nimefuata nini shambani.

Jibu nililompa Achieng mimi nililipata kwa njia mbaya, na kuna mtu aliyelilipia kunishinda. Ndiyo maana ninawaandikia ninyi mliobaki kaunta. Mambo ya vyeo sitayagusa. Anayeyatamani anajua pa kuyatafuta.

Nilitoka Bungoma kwenda chuo cha polisi, na kutoka chuoni nikapelekwa Ruiru. Nilijua kupiga saluti, kulenga shabaha, na kupiga suruali pasi hadi mkunjo ukaweza kukata mkate. Hakuna aliyenifundisha kumsikiliza mtu anayelia huku anatafuta kitambulisho mfukoni. Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sajenti Gathogo wa ofisi ya ripoti, mtu mfupi, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha matukio, ambacho raia na polisi wote hukiita OB. Kilikuwa na jalada gumu jeusi, kurasa zenye namba zilizopigwa chapa, na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Nilinyoosha mkono nichukue kalamu. Aliisogeza upande wake.

"Hiyo bado," akasema. "Wiki hii utatumia masikio."

Wiki nzima nilikaa kando yake bila kalamu. Mtu akieleza na kuondoka, Gathogo ananigeukia na kunitaka nimrudishie yote niliyosikia, kwa maneno ya yule mtu, si yangu. Nikisema "mlalamishi alidai kupoteza mali", ananiuliza kama mlalamishi huyo alizungumza hivyo kweli au ni mimi nimemvalisha suti.

Ripoti ya kwanza niliyoruhusiwa kuandika ilikuwa ya fundi mmoja wa ujenzi aliyeibiwa sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikiwa jikoni. Alikuwa ametoka kwenda kuchota maji tu. Niliandika "sufuria moja, ya wastani", nikafunga sentensi. Nadhani nilikuwa natabasamu. Gathogo alisoma, akamwita yule mtu kabla hajatoka mlangoni.

"Hiyo githeri ilikuwa imeiva?"

"Ilikuwa inachemka, afande. Nilikuwa nimebakisha tu kukaanga."

"Na aliyeibeba aliishika na kitambaa gani?"

Yule mtu alifikiri, kisha akasema kumbe shati lake la kazi, lililokuwa limeanikwa mlangoni, pia halikuwepo. Gathogo alinieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kufunga kiatu, kwamba hakuna anayekwenda mbali na sufuria inayochemka. Tulitembea hadi kwenye ploti aliyopanga chumba. Shati lilikuwa mlango wa tatu, likiwa na maharagwe mawili kwenye kola. Tangu siku hiyo sijawahi kucheka ripoti ya mtu, na sijawahi kuamini kuna swali dogo.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, lakini acheni niyarudie, kwa kuwa najua pia mnavyochoka. Usiruke mstari hata mmoja ukitumaini kuujaza baadaye, maana mstari mtupu ni mlango wazi. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke bado, kisha utie sahihi yako kando. Andika aliyefika na mlalamishi, hata kama amekuja kumshikia mkoba tu. Andika nguo, upande, harufu, chochote alichotaja mwenyewe bila kuulizwa. Kisha msomee ulichoandika, naye akikuambia sivyo, usimwambie ni kitu kilekile. La mwisho, ambalo Gathogo alilirudia hadi nikawa nalimalizia kabla yake, lilikuwa kuhusu saa. Alisema mtu anapoingia mlangoni tazama saa kwanza, halafu ndiyo umwambie karibu.

Gathogo alistaafu akaenda Gatundu kufuga ng'ombe, na miaka michache baadaye tukaenda kumzika. Ningempa mtu chochote ili nikae tena pale kando yake, bila kalamu, nikimrudishia maneno ya watu.

Mimi nilihamishiwa Thika. Kituo sitakitaja, ingawa nyote mnakijua. Wengi wa watu wetu walitoka Kiandutu, vibarua na wachuuzi, waliokuja kwa miguu kabla ya kwenda kutafuta kazi ya siku. Nilipenda asubuhi za pale. Mama wa chapati alipitisha chai ya saa nne, vijana wa bodaboda walikuja kuulizia mwenzao aliyeshikwa kwa kukosa kofia, wazee waliripoti majirani kwa makosa ambayo sheria haijayapatia jina. Mtu akinikuta sokoni siku ya mapumziko alinianzia, "Madam, sasa ile maneno yangu imefika wapi?" Nami nilijua ni maneno gani, maana nilikuwa nimeyaandika. Siku hizi nikienda soko la Juja hakuna anayeniuliza chochote. Nanunua nyanya, narudi.

Sasa nifike penye uzito. Kila asubuhi OB ilipelekwa kwa mkuu wa kituo aikague na kutia sahihi. Kwa kawaida ilirudi kabla chai haijapoa. Lakini kulipokuwa na wageni kutoka makao makuu, ilikaa huko saa nyingi, na watu hawaachi kuibiwa kwa sababu kitabu kiko mezani kwa mkubwa. Basi tuliandika ripoti kwenye karatasi za pembeni. Karatasi hizo tuliziita mayatima. Kitabu kikirudi, tuliwanakili mayatima wote mmoja mmoja, kisha tukawatupa kwenye ndoo.

Hapo ndipo tabia iliingia. Saa katika kitabu sharti zishuke kwa mpangilio, ya mapema juu, ya baadaye chini. Ukinakili alasiri ripoti ya asubuhi, saa inaruka kurudi nyuma, na ukurasa unaonekana kama umechezewa. Mkaguzi anauliza. Kwa hiyo tulianza kuandika ile saa tuliyoshika kalamu, na ukurasa ukatoka safi. Sikufundishwa hivyo na Gathogo. Nilijifunza kwa wenzangu, ambao walijifunza kwa wenzao, na nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote, kwa hivyo mara nyingi kazi ya kuwanakili mayatima ilikuwa yangu.

Siku moja ya wageni alikuja Njuguna, mwendeshaji wa bodaboda wa Kiandutu, kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliegesha pikipiki nje ya choo cha umma, akatoka akakuta haipo. Alikuja na mama yake, Wairimu, aliyekuwa amekutana naye njiani. Ilikuwa saa nne kasoro. Niliwaomba wasubiri kidogo nikidhani kitabu kitarudi, kisha nikaandika kwenye karatasi, nikamwambia apitie kesho achukue namba ya OB. Waliondoka. Kitabu kilirudi alasiri, nami nikaketi kunakili. Kwenye ripoti ya Njuguna niliandika saa tisa na dakika tano.

Saa sita mchana siku hiyohiyo, Ruiru, watu wawili wenye pikipiki walivamia duka la simu na kumpiga mlinzi hadi akavunjika taya. Mtu mmoja alisoma namba ya pikipiki. Ilikuwa ya Njuguna.

Mimi sikujua. Siku iliyofuata nilikwenda likizo Bungoma, tulikuwa na matanga. Wapelelezi wa Ruiru walikuja kituoni, wakafungua OB, wakaona mwenye pikipiki aliripoti kuibiwa saa tisa, muda wa saa tatu baada ya uvamizi. Katika kazi yetu tunajua maana yake. Mtu ametumia chombo chake kufanya uhalifu, namba imeonekana, amekimbia kituoni kujifunika. Mimi mwenyewe ningefikiri hivyo. Walimkamata kwenye steji ya bodaboda, akashtakiwa kwa wizi wa mabavu, akanyimwa dhamana. Kama kuna kijana kati yenu asiyejua uzito wa shtaka hilo, amuulize mkubwa wake. Mtu akipatikana na hatia, huzeekea ndani.

Niliporudi kazini, Wairimu alikuwa ananisubiri. Alisimama mbele ya kaunta akiwa amebeba kofia ya pikipiki ya mwanawe kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kurudisha bakuli la jirani.

"Ni wewe madam wa ile siku," akasema. "Ulituambia tungoje, kitabu iko kwa mkubwa."

Nilimuuliza siku gani.

"Siku pikipiki ya Njuguna iliibiwa. Tulikuwa hapa kabla ya chai. Ukaniambia mama keti, miguu itauma. Sasa kule kortini wanasema tulikuja saa tisa. Saa tisa mimi nilikuwa kwangu nachambua mboga. Ni nani aliandika saa tisa?"

Nilifungua kitabu. Sikuhitaji kutafuta sana. Mwandiko ulikuwa wangu, umenyooka, hauna doa. Niliangalia ndoo ya takataka, ingawa nilijua imemwagwa mara nyingi tangu siku ile. Nilimwambia Wairimu nitaliangalia jambo hilo. Ndivyo tunavyosema tunapotaka mtu aondoke.

Nilikwenda kwa mkuu wa kituo, mtu mwema, ambaye sitamsema vibaya hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akaiweka mezani. Alinieleza kwamba nikisimama mahakamani niseme kitabu kimekosea mara moja, mawakili wa Thika nzima watataka kujua kimekosea mara ngapi. Kulikuwa na kesi nyingi zilizokitegemea kitabu hicho, nyingine za watu wabaya sana. Hakunikataza. Alisema tu nifikirie. Mpelelezi wa Ruiru nilimpigia simu, naye akaniuliza niko upande gani. Mwenzangu niliyekuwa naye zamu ile alisema hakumbuki kitu.

Nilifikiria kwa wiki saba. Nawaambia idadi hiyo kwa sababu ningeweza kuificha, na hakuna kitabu kingenipinga. Wiki saba nilikula, nikalala, nikaandika ripoti za watu, huku Njuguna akiwa rumande kwa sababu ya mwandiko wangu. Kila Jumatatu Wairimu alipita kituoni akienda kumwona. Alisimama mlangoni, akanisalimia, akaniuliza kama nimeamka salama, akaenda zake. Hakuniuliza tena habari ya saa. Angenipigia kelele ningeweza kumjibu, maana watu wa kelele nimewazoea. Salamu zile zilinishinda.

Jumatatu ya saba nilimfuata hadi langoni nikamuuliza wakili wa mwanawe ni nani. Alisimama, akanigeukia.

"Utasema mbele ya hakimu, ama utaniambia mimi tu?"

"Mbele ya hakimu, mama."

"Haya," akasema. "Basi vaa vizuri."

Kwanza nilimwandikia kiongozi wa mashtaka barua, nikaeleza yote, nikapeleka nakala kwa mkuu wa kituo ili asisikie kwa watu. Wenzangu walipojua walinipatia jina la Shahidi. Nikiingia chumba cha chai mmoja anawaambia wengine waangalie saa zao vizuri, Shahidi amefika. Mwingine aliacha kabisa kuniachia kalamu yake. Niliwaelewa. Kila mmoja wao alikuwa na mayatima wake mahali.

Siku ya ushahidi nilivaa sare, nimepiga pasi kama siku ya kwanza Ruiru. Nilizungumza polepole ili kalamu ya hakimu inifikie. Hiyo ni heshima ndogo ambayo mtu wa kaunta anaijua. Nilieleza kitabu kilikuwa wapi, karatasi ilikuwa ya nini, na kwamba Njuguna na mama yake walifika kabla ya saa nne asubuhi. Kiongozi wa mashtaka alisimama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Kwa hiyo saa uliyoandika ni ya uongo?"

"Ni saa niliyoshika kalamu. Si saa waliyofika."

"Uliwaona ukiwa peke yako?"

"Mwenzangu alikuwepo. Anasema hakumbuki."

"Na hii tabia, umeifanya mara ngapi?"

Wakili wa Njuguna alianza kuinuka kupinga swali, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Mara nyingi," nikasema. "Sikuhesabu."

Hakimu aliandika, akainua macho, akaandika tena. Njuguna alikuwa kizimbani, amekonda, amevaa sweta ya mtu mnene kumliko. Muda wote alikuwa anatazama sakafu. Niliposema maneno hayo alinitazama, na sikuona shukrani machoni mwake. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha barabara baada ya kupotea njia.

Mlinzi wa Ruiru naye alikuja kusema kweli yake, kwamba sura za wale watu hakuziona vizuri. Njuguna aliachiliwa. Alikuwa amekaa ndani miezi minane. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, ambayo nina hakika iko mahali katika nyumba hii, chini ya risiti za mbolea. Mawakili waliuliza waliyouliza. Kesi mbili zilitikisika na hazikuanguka. Na kituo kilinunua daftari la pili, lenye kurasa zilizopigwa namba, linalobaki kaunta OB inapoondoka. Ripoti inaandikwa humo kwa saa yake, kisha katika OB inaandikwa "imenakiliwa" pamoja na saa ya kunakili, hata kama ukurasa utaonekana mbaya. Ninyi mliofika baadaye mlilikuta daftari lile mkadhani limekuwepo siku zote. Acheni ukurasa uonekane mbaya. Nawaomba hivyo kama mama yenu.

Watu huniuliza ninatamani nini zaidi tangu nistaafu, na wanadhani nitasema heshima, au sare. Natamani kumwona mtu akiingia mlangoni na jambo ambalo bado hajamwambia yeyote. Anakuangalia, anaangalia kalamu yako, kisha anaanza. Imani hiyo wanatupatia bila kutujua. Mimi nilipewa mara elfu, na mara moja niliipokea kwa mkono mmoja. Hiyo moja ndiyo ningeomba irudi, saa nne kasoro, na Gathogo awe ameketi kando.

Lakini ilinirudia kidogo, na hapo nitaishia. Pikipiki ilipatikana imetupwa kichakani, ikawekwa kituoni kwetu kama kielelezo. Wiki chache baada ya hukumu Njuguna alikuja kuichukua. Zamu ilikuwa yangu. Angeweza kungoja zamu ya mtu mwingine. Wenzake wa steji wangemwambia ni lini. Alisimama kaunta, akaweka karatasi ya mahakama mbele yangu. Kukabidhi kielelezo lazima kuandikwe. Nilitazama saa, nikaandika, kisha nikamsomea: jina lake, namba ya pikipiki, taa moja imevunjika, magurudumu hayana upepo.

"Umeandika saa ngapi?" akauliza.

Nilikigeuza kitabu kikamwelekea, nikaweka kidole penye mstari. Akatoa simu mfukoni, akaangalia saa yake, akaangalia yangu. Akarudia tena, bila haraka, na mimi sikuondoa kidole.

"Sawa," akasema, akatia sahihi.

Pikipiki ilikuwa nzito, imelala kwenye vumbi miezi mingi, na mlango wa nyuma una mwinuko hadi barabarani. Nilimtazama akiisukuma, ikirudi, akiisukuma tena. Nilitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo afisa wa zamu hapaswi kufanya, nikashika kiti kwa nyuma, tukaipandisha pamoja. Hakugeuka. Tulipofika juu aliendelea peke yake kuelekea Kiandutu, akiiegemea upande mmoja, nami nikabaki langoni hadi alipokata kona.

Kisha nikarudi ndani na kuandika, kwenye mstari uliofuata, kwamba afisa wa zamu aliiacha kaunta kwa dakika sita bila ruhusa, na kwamba amerudi.